Maneno Aliyotundika Mzee Spana

Mzee Spana alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiompenda walikiri: kwa hadithi, hakuna aliyemfikia. Akikueleza jinsi alivyolikwamua basi kwenye tope kwa mkanda wa suruali tu, ulijua fika kwamba ni uongo, lakini macho yako yalishuka yenyewe kumwangalia kiunoni. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye stoo ya zana ya karakana moja ya mabasi. Akastaafu na saa ya ukutani aliyozawadiwa, ambayo haikuwahi kutembea, na jina hilo la Spana, ambalo lilimganda kiasi kwamba mkewe akikasirika ndilo alilomwita.

Sasa mtu huyu huyu, kila Jumapili alasiri, aligeuka bubu.

Ububu huo ulikuja kwa simu ya video. Mwanawe alikwenda ng'ambo kusoma, akapata kazi, akapata mke wa huko huko, akapata binti. Binti huyo, mjukuu pekee wa Mzee Spana, alikuwa na miaka minane, pengo mbele ya mdomo, na Kiingereza kitupu. Kiswahili chake kilikuwa neno moja, Babu, na hata hilo alilitamka kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mzee Spana naye alikuwa na Kiingereza cha stoo. Alijua jeki, alijua gasketi, alijua fenbelti, ule mkanda unaozungusha feni ya injini. Lakini ukitaka kumwambia mtoto kwamba unamkumbuka tangu unapoamka, fenbelti haikufikishi mbali.

Basi mazungumzo yao yalikuwa hivi. Yalikuwa ya Kiingereza, ila hapa yameandikwa kwa Kiswahili ili sisi tusipate taabu aliyoipata yeye.

"Hujambo, mjukuu wangu?"

"Sijambo, Babu."

"Shule?"

"Nzuri."

"Hali ya hewa?"

"Baridi."

Hapo maneno yalikwisha, kama maji ya bomba yanavyokatika umejipaka sabuni. Walibaki kutazamana. Mtoto alitazama matundu ya pua ya babu yake, maana mzee hakujua kushika simu vizuri, na mzee alitazama dari la nyumba ya mwanawe, maana mtoto alishaanza kucheza na kitu kingine. Mzee Spana alilijua dari lile kwa kila ufa. Kisha mwanawe alichukua simu, wakaongea mambo ya dawa za presha, wakaagana.

Jumapili moja, simu ilikuwa imeshaunganishwa lakini mtoto hajapewa, Mzee Spana akasikia sauti yake kwa mbali ikimuuliza baba yake kama ni lazima aongee na Babu na leo. Baba mtu akamnyamazisha haraka. Cha ajabu, Kiingereza chote kilichokuwa kikimpita mzee juu ya kichwa miaka na miaka, sentensi ile ilitua sawasawa, haikumwaga hata herufi.

Alipomaliza kuuliza hali ya hewa na kujibiwa kwamba ni baridi, alikaa kwenye kochi akiipangusa simu kwa shati.

"Mtandao leo ulikuwa mbaya," akamwambia mkewe.

"Mtandao ulikuwa mzima," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Wewe ndiye hukuwa na la kusema. Si umpe hadithi zako?"

"Kwa lugha gani?"

"Hata za Kiswahili mimi sizielewi, na bado nazisikiliza."

Mzee Spana alikuwa akipiga hesabu. Mtoto anakua. Leo anauliza kama ni lazima, mwakani atajibiwa kwamba si lazima, na huo ndio utakuwa mwisho wa kuwa na mjukuu. Atabaki na picha yake kwenye kabati la vyombo.

Mtu mwenye akili timamu, akigundua kwamba hajui Kiingereza, huanza na maneno madogo: kula, kulala, kukimbia, kucheka. Mzee Spana aliyadharau. Aliona maneno madogo yameshikwashikwa na watu wengi mno hadi yamekwisha meno, kama spana kuukuu inayoteleza kwenye nati. Kilichomwangusha, kwa maoni yake, ni ufupi wa maneno. Akitaka kumshangaza mtoto, alihitaji maneno makubwa, yenye mikia, yale ambayo ukiyatamka watu wanasogea pembeni. Hadi leo akisimulia upumbavu huo hujigonga paji la uso na kusema kwamba alitaka kuezeka bati na msingi hajachimba.

Akaenda kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, akarudi na kamusi. Haikuwa kamusi ya kushika mkononi. Alipoiweka upande wake wa kitanda, mkewe aliyekuwa amelala upande wa pili aliamka akidhani anapelekwa mahali. Mzee akavaa miwani, akajifungia, akaanza kumeza. Neno la asubuhi lilikuwa limeshatoroka kabla ya chai kupoa. Akilirudia, lilirudi bila maana yake. Akikamata maana, neno lilikuwa halipo. Kichwa chake mwenyewe alikiita gunia lenye tundu: unatia juu, panya wanafurahi chini.

Alikuwa karibu kuirudisha kamusi alipokumbuka stoo yake.

Kule karakana, zana zilikuwa nyingi na mafundi walikuwa wezi. Si wezi wa kupeleka polisi, ni wezi wa kusahau vitu mfukoni. Mzee Spana aliwaweza kwa ubao. Alipiga misumari ukuta mzima, na nyuma ya kila zana akachora umbo lake kwa rangi nyeupe. Spana ikiondoka, kivuli chake kinabaki kikikutazama. Ukiingia stoo, hukuwa na haja ya kuhesabu wala kuandika. Uliona tu palipobaki kivuli. Kila kitu kina msumari wake, na msumari hausahau.

"Basi maneno nayo yanataka misumari," akajiambia. Na mtaani kwao misumari ilikuwa imejaa, inatembea.

Msumari wa kwanza ulikuwa kinyozi. Kinyozi yule alikuwa mtu mwema mwenye mkono mwepesi, ila mdomo wake haukuwa na breki. Inasemwa, na anayesema ni Mzee Spana, kwamba mteja mmoja aliingia na ndevu, akanyolewa, na kabla hadithi haijafika katikati ndevu zilikuwa zimeota tena, akalipa mara mbili. Kamusini mzee alikuwa amekutana na neno "garrulous", lenye maana ya mtu wa maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Akaenda akakaa kwenye benchi la kinyozi, akamkazia macho, akalinong'ona neno lile hadi likashika.

"Mzee wangu, unasali?" kinyozi akauliza, mkasi ukiwa hewani.

"Nakuombea."

"Asante sana. Niombee na goti. Goti hili, unajua, lilianza siku ile niliyokwenda kumtembelea shemeji yangu, yule mrefu, si yule mwenye gari, huyu mwingine ambaye dada yake..."

Mzee Spana akafumba macho kwa raha. Neno lilikuwa linajikaza lenyewe.

Wa pili alikuwa fundi cherehani wa kona, ambaye alimbebesha "procrastinator", mtu wa kuahirisha. Fundi huyu hakuwahi kukataa kazi na hakuwahi kuimaliza. Kuna mtoto alipimwa sare ya shule, akaja kuichukua akiwa mwalimu mkuu. Wa tatu alikuwa mwenye duka, naye akapewa "parsimonious", yaani bahili aliyepita kiasi. Sukari yake aliipima kama dhahabu, na punje ikizidi, anasema Mzee Spana, aliikata katikati kwa wembe. Alitaka wa nne awe mkewe, maana ndiye aliyekuwa karibu, lakini alipomwangalia kwa jicho la msumari mama huyo aliweka sufuria chini.

"Ukinitundika mimi kwenye huo ubao wako, mzee, kuanzia leo utajipikia."

Akamtundua kabla hajamtundika.

Jumapili ikafika. Mzee Spana alivaa shati la pasi, akakohoa, akaishika simu kwa mikono miwili kama usukani. Alipopewa mtoto, hakuuliza shule.

"Mjukuu wangu," akasema, "kinyozi wangu ni garrulous."

Mtoto akaacha kucheza. "Ni nani?"

"Garrulous."

"Ni nini hiyo?"

Hapo ndipo bati lilipogundua kwamba halina kuta. Kueleza maana ya neno kubwa kunahitaji maneno madogo, na hayo ndiyo aliyoyaruka. Alifungua mdomo. Akafunga. Akasema, "Yeye... maneno... kubwa... fenbelti, haisimami."

"Babu, sielewi."

Mwanawe akaingia kwenye skrini. "Baba, hilo neno umelitoa wapi? Huku hata watu wazima hawalitumii. Huyu ni mtoto."

Mtoto alikuwa ameshaanza kushuka kwenye kiti. Mzee Spana aliona kisogo chake, na nyuma ya kisogo lile dari. Jasho likamtoka. Hakuwa na neno lolote la kumshika, kubwa wala dogo, isipokuwa moja alilolijua tangu karakana, ambalo madereva waliambiwa kila siku.

"Subiri," akasema. "Subiri, subiri."

Akatoka nyumbani na kandambili miguuni, simu mbele kama mtu anayemulika njia, mkewe akimwita nyuma kuuliza kama nyumba inaungua. Akavuka barabara hadi kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na mteja ambaye kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upande mmoja, upande wa pili kichaka. Mashine ilikuwa inanguruma hewani bila kugusa mtu, kwa sababu mwenyewe alikuwa katikati ya kueleza kwa nini shemeji yake alihama nyumba, akitumia mikono yote. Mteja alikuwa akiitazama mashine kama mtu anayeitazama treni inayomwacha. Alijaribu kusema "lakini", akakatwa. Akajaribu kuinuka, akarudishwa kwa kiganja begani. Mzee Spana alinyoosha simu tu.

Kule ng'ambo ikaja sauti ndogo ya kucheka, ikakua, hadi mtoto akaanza kukohoa. Mteja alijaribu tena kusema "lakini". Mtoto akapiga kelele za furaha.

"Garrulous," akasema.

"Garrulous," Mzee Spana akaitikia, pumzi juu juu.

"Babu, wiki ijayo nani?"

Usiku ule mzee hakugusa kamusi. Alikaa akilirudia swali hilo, na lilikuwa halitaki msumari.

Zikafuata Jumapili tamu. Fundi cherehani alionyeshwa akimweleza bwana mmoja kwamba suruali yake iko tayari, imebaki tu kukatwa na kushonwa. Mwenye duka alionyeshwa akirudisha kwenye pakiti njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka, akisema upande wa pili bado mzima. Mtoto alikuwa akisubiri simu. Mwanawe alisema amekataa kwenda kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa rafiki yake kwa sababu iliangukia saa ya Babu. Mzee Spana aliposikia hivyo alikwenda chooni akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ila watu hawaonyeshwi ng'ambo bila wao kutaka kujua wanaonyeshwa kama nini. Kinyozi ndiye aliyeuliza kwanza.

"Mzee wangu, mtoto ananiitaje?"

Mzee Spana angeweza kusema kweli. Lakini ukweli ungemfungia mlango wa kinyozi, na bila kinyozi angerudi kwenye hali ya hewa. Kwa hiyo hakudanganya moja kwa moja. Aliukunja ukweli, kama mtu anavyokunja shati lenye doa ili doa liingie ndani.

"Garrulous," akasema. "Ni mtu aliyejaliwa ulimi."

Kinyozi akasimama akijitazama kwenye kioo chake mwenyewe. Fundi cherehani alipouliza, aliambiwa kwamba procrastinator ni mtu asiye na pupa na kazi. Mwenye duka aliambiwa kwamba parsimonious ni mtu anayejua thamani ya mali. Wote watatu wakatembea mabega juu. Fundi akaanza kuwaambia wateja wenye hasira, "Tafadhali, mimi ni procrastinator, sifanyi kazi za kulipua." Kinyozi yeye alizidi. Alimleta mchora mabango, na Jumatano mtaa uliamkia maandishi mekundu juu ya mlango wake: KINYOZI GARRULOUS, na pembeni mkasi uliofanana na kunguru.

Mzee Spana alipoliona bango alicheka hadi akashika nguzo ya umeme. Kicheko kikamkauka alipofikiri kidogo. Mtaani kulikuwa na watu wasiojua Kiingereza, lakini hakukuwa na ukuta wa kuwazuia wanaokijua kupita.

Akapita mwalimu. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kunyoa tu. Alisoma bango, akasoma tena, akaingia akakaa, na kinyozi alipoanza kumweleza habari za goti mwalimu akacheka kiasi cha kudondosha taulo. Kinyozi akataka kujua kinachochekesha. Akaelezwa, kwa upole na kwa ukamilifu. Kisha, kwa kuwa mwalimu akishaanza kueleza haachi, akaeleza na yale mengine mawili aliyoulizwa, la fundi na la mwenye duka.

Jumapili, dakika chache kabla ya simu, mlango ukagongwa. Mke wa Mzee Spana akafungua, akawaona wote watatu, akatabasamu kama mtu aliyeletewa tamthilia nyumbani.

"Karibuni, shemeji zangu. Yumo ndani. Mkimpiga, msiguse kochi, bado jipya."

Wakakaa. Kinyozi akaanza. Alisema kwamba yeye si mtu wa maneno mengi, na akalifafanua hilo kwa maneno mengi sana, akipitia kwa shemeji, goti, gharama ya rangi nyekundu, na heshima ya marehemu baba yake ambaye naye alikuwa mkimya. Mwenye duka alikunywa maji aliyoletewa, akamimina yaliyobaki kwenye chupa aliyokuja nayo, akasema amedhalilishwa. Fundi cherehani alikaa pembeni.

"Mimi niliwaambia tuje wiki ijayo," akasema.

Mzee Spana aliuma shavu kwa ndani ili asicheke. Simu ikaita.

Kinyozi akainua kidole. "Hiyo simu ukiipokea, leo tunamwambia mtoto babu yake ni mtu wa namna gani. Na usije tena kunipiga picha. Wala mimi, wala fundi, wala huyu."

Simu iliita hadi ikakatika. Hata kinyozi akanyamaza, jambo ambalo mzee alilichukulia kama dalili mbaya. Ikaita tena. Juu ya kioo ilikuwa picha ya mtoto mwenye pengo.

Kwa kawaida mahali kama hapo Mzee Spana alitoa hadithi. Angeweza kusema kwamba kamusi ina makosa, kwamba mwalimu ana wivu, kwamba maneno hayo yalibadilishwa maana mwaka huu. Alizipitia zote kichwani, zikapita tupu.

"Sikieni," akasema. "Huyu mtoto hanijui. Kila wiki nilimuuliza kama kuna baridi. Akachoka na mimi, nikamsikia kwa masikio yangu. Kiingereza changu ni cha gasketi. Tangu nianze kumwonyesha ninyi, ananisubiri. Si mimi anayenipenda, ni ninyi. Mkiondoka, mimi nabaki na baridi yangu. Maneno hayo nilijua ni mabaya. Niliyakunja."

Mkewe, mlangoni mwa jikoni, aliacha kutabasamu.

"Pokea, mzee," fundi cherehani akasema. "Tutagombana baadaye."

Na kwa kuwa ugomvi aliokabidhiwa fundi yule haukuwa na haraka ya kushonwa, wenzake wakashindwa la kuongeza.

Mzee akapokea. Mtoto alipoona sebule imejaa, macho yakamtoka. Akawaita mmoja mmoja kwa majina aliyowajua, yale matatu ya kamusini, akipunga mikono miwili, kama mtu aliyekutana na wachezaji wa timu yake. Akamuuliza kinyozi kama yule bwana wa kichwa nusu alimalizwa. Mzee akatafsiri alivyoweza, kwa Kiingereza chake cha stoo. Kinyozi, ambaye alikuwa amekunja uso tangu asubuhi, akaanza kujibu, na jibu likawa refu, na mtoto akalala kwenye zulia kwa kucheka bila kuelewa hata neno.

"Ananicheka?" kinyozi akauliza.

"Anakucheka," mzee akasema kweli.

Kinyozi akafikiri. "Basi mwambie bwana yule hatujammaliza. Anarudi kesho."

Hapo mwenye duka, ambaye hakupenda kitu chochote kitoke bure, akainamia simu. "Muulize. Sisi tuna maneno. Babu yake neno lake ni lipi?"

Mzee Spana alisita, lakini watatu wote walikuwa wakimtazama, kwa hiyo akatafsiri kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Mtoto akaweka kidole kwenye pengo. Hakuwa amelifikiria. Akasema hajui, waseme wao, wao ndio wanaokaa naye.

"Mzushi," kinyozi akasema.

"Mzushi ni dogo kwake," akasema mwenye duka. "Mwongo."

"Mwongo ni tusi, kuna mtoto hapa."

Fundi cherehani alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. "Mbabaishaji," akasema taratibu.

Wakatazamana. Sauti ya mke ikatoka jikoni: "Hilo hilo. Msilipunguze."

"M-ba-bai-sha-ji," mtoto akasema. Akauliza ni nini hiyo.

Mzee Spana hakuwa na Kiingereza cha kujieleza yeye mwenyewe, na hata angekuwa nacho asingekitumia. Wakaeleza wao. Kinyozi akasimama katikati ya sebule akawa Mzee Spana: akamshika fundi mkono, akamsifu, akamchekea, na kichwa kikigeuka pembeni akawakonyeza wengine. Mwenye duka akawa mteja anayeamini kila kitu. Alifanya vizuri kiasi kwamba ilionekana hajazidisha. Mzee wa watu alishika simu kwa mikono yake mwenyewe akimwonyesha mjukuu wake jinsi anavyochekwa, na aliishikilia imara, maana alijua ikiyumba mtoto hataona.

Mwanawe alipiga siku ya kazi, jioni, jambo ambalo halikuwa kawaida, na mzee akapokea akiwa na hofu.

"Baba, umemfundisha nini mwanangu?"

"Kwani vipi?"

"Jana bosi wangu alikuja kula kwetu. Akaanza kutueleza kwa nini mradi umechelewa, kosa la huyu, kosa la yule, yeye hayumo. Mtoto akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamnyooshea uma. 'Mbabaishaji.' Bosi akataka kujua maana yake."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni mtu mwenye mipango mingi."

Mzee Spana akashusha pumzi. "Basi wewe ni mwanangu kweli. Nilikuwa na wasiwasi kidogo."

Mwanawe alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka, kicheko kilekile cha utotoni ambacho baba yake hakuwa amekisikia miaka mingi. Alisema mtoto sasa anataka maneno ya Kiswahili kwa kila mtu, kuanzia dereva wa basi la shule hadi mama yake mzazi, na kwamba nyumba imekuwa ya hatari. Kabla hajamaliza, simu ikanyakuliwa. Mtoto alikuwa na haraka. Kuna jirani, akasema, anayechungulia kwao kila siku kupitia uzio. Aitwe nani?

"Huyo ni mdaku," Mzee Spana akasema.

"Ni nini hiyo?"

Mzee akaangalia huku na huku. Mkewe hayupo, mtaa umetulia, wachunguliaji wote wameingia ndani. Hakukuwa na mtu wa kuonyesha. Akaiegemeza simu kwenye kamusi, akaenda dirishani, akapiga goti nyuma ya pazia, akachungulia nje kwa jicho moja, shingo ameinyoosha, mdomo wazi. Akachungulia tena, chini zaidi. Kule ng'ambo mtoto alikuwa akipiga makofi. Akashuka zaidi, akawa karibu kulala, na hapo ndipo magoti yakakataa. Alijaribu kuinuka, ikashindikana. Akashika pazia, likaja lote na fimbo yake, likamfunika kichwa.

Mtoto alicheka hadi akaishiwa sauti. Aliomba arudie.

Mzee Spana akatoa uso kwenye pazia, akiwa amekwama kwa miguu minne kama jeki iliyoshika kutu. Akapima. Angeweza kumwambia mtoto kwamba Babu hawezi kuinuka, maneno hayo ya Kiingereza yalikuwa madogo na hata yeye aliyajua.

"Subiri," akasema. "Mdaku bado anaangalia."

Akageuka taratibu, akainua ukingo wa pazia, akaendelea kuchungulia mtaa usiokuwa na mtu, akimwombea mkewe achelewe kidogo sokoni.